Jedwali la Dakika za Jua

Kosa langu lilikuwa limebandikwa ukutani katika zahanati iliyo mbali sana na nyumbani kwangu, na kwa siku tatu za Januari mimi peke yangu ndiye niliyelijua. Sikuweza kwenda kulibandua. Sikuweza hata kupiga simu nikasema libanduliwe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya wasichana hapa Kitale. Mdogo wangu ni muuguzi. Alipangiwa kazi kaskazini, kule barabara inakoteremka kutoka milimani na mashamba ya mahindi yanakoisha ghafla, ukaanza mchanga na miti ya miiba. Zahanati yake ina vyumba vitatu. Yuko yeye na mama mmoja wa usafi, na wagonjwa wote wanamwita daktari kwa sababu hakuna mwingine wa kuitwa hivyo. Sisi ni watoto wa Bungoma, tumezaliwa upande wa Chwele, mahali ambapo mvua haiombwi inyeshe ila huombwa ipungue. Alipopata barua ya kwenda huko mama yetu alilia. Mimi nilimwambia asijali, jua halijawahi kumuua mtu wa Bungoma. Ndivyo nilivyo, mdomo hutangulia.

Shida yake kubwa ilikuwa gesi. Vyombo vya kuzalishia, yaani makasi ya kukatia kitovu na koleo zake, huoshwa kisha hupikwa kwa joto kali ili viini vife. Mtungi wa gesi ukiisha kule, unaweza kungoja gari wiki tatu. Makaa yapo lakini yanataka kusimamiwa, na yeye yuko peke yake na foleni mlangoni. Siku moja aliniambia kwa hasira, "Dada, huku jua linachoma mpaka bati linalia, halafu mimi natafuta makaa. Wewe si ulisomea hizo vitu?"

Nilikuwa nimezisomea. Nikaenda kwa fundi wa jua kali hapa mjini, wale wanaochomelea vyuma kando ya barabara, tukachukua dishi kuukuu la televisheni, tukalibandika vipande vya kioo ndani. Mahali miali inapokutana tukaning'iniza kisanduku cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, chenye kifuniko, na kwenye kifuniko tundu la kipimajoto. Vyombo vinaingia ndani vikiwa vikavu. Unalielekeza dishi kwenye jua, unaligeuza kidogo kila mara, unasubiri joto lipande, kisha unalishikilia hapo saa nzima. Hakuna mvuke, hakuna mlio. Kinachokuambia kwamba mambo yako sawa ni kipimajoto peke yake.

Sasa, dishi la vioo lina tabia moja. Halikubali mwanga wowote tu. Linataka ule unaokuja moja kwa moja kutoka kwenye jua lenyewe, ule unaochora kivuli chenye ukingo mkali. Mwanga uliotawanyika angani, ule unaokufanya ukunje uso hata ukiangalia chini, hauna kazi kwake. Ndiyo maana nilitaka kujua kule kuna mwanga wa moja kwa moja kiasi gani, mwezi gani na saa ngapi. Kuna hesabu ya kukisia hilo kwa nchi kavu na anga lisilo na mawingu. Unaanza na nguvu ya jua nje kabisa ya hewa, halafu unapunguza: kwa urefu wa njia ambayo miali hupita, kwa mwinuko wa mahali, kwa unyevu, na mwisho kwa vumbi. Vumbi lina herufi yake katika hesabu ile, na herufi hiyo lazima uijaze mwenyewe.

Likizo ya Aprili nilikwenda. Nilikuwa na kifaa changu cha kujitengenezea: bomba la makopo mawili yaliyounganishwa, ndani limepakwa rangi nyeusi, chini kabisa nimeweka kiseli kidogo cha sola na waya mbili za kwenda kwenye mita. Ukilielekeza bomba kwenye jua, kiseli kinaona jua peke yake na si mbingu nzima. Mdogo wangu aliniona nimepiga goti mchangani nikihangaika na makopo, akawaambia wagonjwa kwamba huyu ni dada yake na hana wazimu, ni mwalimu.

Nilipima siku nne. Mvua zao chache zilikuwa zimenyesha wiki ile ile, vumbi limelala, na mbingu ilikuwa buluu ya kutisha. Hesabu na kopo vilikubaliana hivi kwamba nilicheka peke yangu. Kwenye herufi ya vumbi nikaweka namba ndogo kabisa. Kisha nikachora jedwali. Nilijaza miezi yote kumi na miwili, kila mwezi na saa zake, na kwenye kila kichumba nikaandika dakika za kusubiri kisanduku kipate joto kabla ya kuanza kuhesabu saa nzima. Miezi kumi na miwili kutokana na siku nne za Aprili. Mwanafunzi wangu akifanya hivyo namrudishia daftari usoni. Juu nikaandika kwa herufi kubwa: LITUMIKE SIKU YA ANGA SAFI TU. Nikajiona mtu mwangalifu sana.

Lakini anga safi ni nini kwa mtu aliyezaliwa Bungoma? Nyumbani tulifundishwa jambo moja kuhusu mbingu. Asubuhi ukitaka kuanika maharagwe au wimbi, unatazama upande wa mlima Elgon. Kama hakuna wingu, kumekuwa safi, toa magunia. Kama kuna wingu, hata dogo kama kuku, acha vitu ndani. Basi. Mawingu ndiyo adui wetu na hatujui mwingine. Mdogo wangu amelelewa na mama huyo huyo, akatazama mbingu hizo hizo. Nilimwandikia maneno mawili ambayo sote tulidhani tunayajua.

Desemba kipimajoto kilianguka kikapasuka. Aliagiza kingine, kikawa hakijafika. Aliponieleza kwenye simu ya mama, nilipokuwa likizoni Bungoma, nilimuuliza atafanyaje. "Tunatumia karatasi yako," akasema. "Iko ukutani, mama wa usafi ameikariri kama sala." Niliposikia hivyo kichwa kilinivimba. Shule zilipofunguliwa nilimwambia karibu kila mwalimu kwenye chumba cha walimu kwamba hesabu zangu zinafanya kazi katika zahanati. Mwalimu wa kemia aliniomba ninyamaze apumzike.

Januari ilipoanza nilitaka kuwaonyesha wasichana wa chama cha sayansi kile kifaa. Ilikuwa Alhamisi mchana baada ya chakula, uwanjani. Hakukuwa na wingu hata moja. Niliwafanyisha hesabu kwanza, wakapata jibu zuri. Kisha nikaelekeza bomba kwenye jua na msichana wa kidato cha tatu akasoma mita.

"Mwalimu, iko chini sana," akasema.

"Soma vizuri."

"Nimesoma. Hii kitu imekufa."

Nilimpokonya mita. Alikuwa amesoma vizuri. Nikapangusa kiseli kwa kitambaa, nikakaza waya, nikabadilisha betri ya mita, nikaelekeza tena. Ile ile. Wasichana wakaanza kunong'ona, na mimi nikaanza kukasirika, kwa sababu hakuna kinachoniudhi kama kuaibishwa na kopo nililolitengeneza mwenyewe. Nikawaambia jua la leo lina kasoro. Wakacheka.

"Lakini si ulisema ni anga safi, mwalimu? Ati hakuna mawingu," akasema yule yule.

Hapo ndipo nilipotazama kivuli cha mlingoti wa bendera. Ukingo wake haukuwa mkali. Ulikuwa umelegea, huwezi kusema kinapoishia. Nikainua macho. Upande wa Endebess walikuwa wakichoma mabua mashambani kama wanavyofanya kila mwaka wakitayarisha ardhi, na moshi ulikuwa umepanda ukajitandaza mpaka mbingu nzima imekuwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Nimeishi Kitale miaka mingi. Kila Januari nimekohoa moshi ule. Sikuwahi hata siku moja kuuita kitu kilicho angani. Hakukuwa na wingu, kwa hiyo kwangu palikuwa safi.

Nikaanza kuwaeleza wasichana kwamba moshi unatawanya miali, kwamba mwanga ni mwingi lakini ule wa moja kwa moja umepungua, na kwamba moshi na vumbi hufanya kazi moja. Nilipotamka neno vumbi nikanyamaza. Nilikuwa nimemkumbuka mdogo wangu akiniambia kwa simu ya mama, mwanzoni mwa mwaka, kwamba upepo umeanza kule na hawezi kuanika shuka kwa sababu zinageuka rangi ya udongo.

Niliwaacha uwanjani. Nilikwenda chumba cha walimu nikafanya hesabu upya, safari hii nikiweka kwenye herufi ya vumbi namba ya siku mbaya. Kwa haraka niliyokuwa nayo niliandika juu ya daftari la mtu mwingine. Kila nilipofika mwisho nilipata jibu lile lile: kisanduku kisingefika joto linalotakiwa, si kwa dakika nilizoandika, wala kwa mara mbili yake. Kingepata moto wa kutosha kumuunguza mtu kidole. Kingekuwa na moto wa kumdanganya yeyote anayekigusa.

Makasi ya kukatia kitovu. Sikuwa na mawazo mengine. Nilimpigia na mwanamke wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani. Nilituma ujumbe: USITUMIE JEDWALI. CHEMSHA KWA MAKAA. Haukufika. Nilipiga tena Ijumaa asubuhi, katikati ya vipindi, wakati wa chai, jioni. Darasani nilifundisha mada niliyokwisha kuifundisha wiki iliyopita, na wasichana wakaandika kwa heshima. Wenzangu wakaniuliza kama naumwa, nikasema ni tumbo. Usingizi nilioupata siku hizo ni ule wa kushtuka.

Kule zahanati simu haishiki mtandao. Ili kuongea, mdogo wangu hupanda kilima kilicho nyuma ya kituo, na hupanda mara moja kwa wiki, Jumamosi alasiri, akimaliza kazi. Na akifika juu hampigii mtu mwingine ila mama, mpaka betri inapokaribia kuisha. Ningeweza kumwomba mama ampe ujumbe. Lakini kumwambia mama kwamba vyombo vya mtoto wake huenda vinawadhuru wanawake wanaojifungua kwa sababu ya karatasi ya mtoto wake mwingine, hilo sikuweza. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi niliteremka Bungoma.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba akichagua maharagwe kwenye ungo. Hakufurahi kuniona. Alishtuka.

"Mbona umekuja bira kupiga simu? Kuna nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Nimekukumbuka tu."

"Wewe? Umenikumbuka katikati ya muhura?" Aliniangalia kutoka viatu mpaka kichwa. "Haya, kaa. Chagua."

Nikakaa, nikachagua. Simu yake aliiweka juu ya kigoda katikati yetu. Nilikuwa nikiitazama zaidi ya maharagwe, na mama akawa anarudia ungo wangu kuondoa mawe niliyoyaacha. Aliniuliza kama nina shida na mtu. Aliniuliza kama nimefukuzwa kazi. Alisema kama ni mimba nimwambie tu, umri huu si wa kuficha. Nilimjibu hapana kwa kila jambo, na kila hapana ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Saa tisa ikafika. Saa kumi ikafika. Nilianza kujiambia kwamba hajapanda kilima kwa sababu kuna mgonjwa kitandani anayemzuia, na nilikuwa tayari nimemzika mtu huyo pamoja na mtoto wake, nimesimama kaburini mwao nikieleza habari za herufi ya vumbi.

Simu ilipolia niliinyakua kabla ya mama. Hakuamini macho yake.

"Mama?" ikasema sauti ya mdogo wangu, na nyuma yake upepo ulikuwa unavuma mpaka maneno yanakatika.

"Ni mimi. Sikiliza. Mbingu kwenu iko rangi gani?"

"Nini?"

"Mbingu! Rangi gani?"

"Nyeupe. Kuna upepo. Dada, uko nyumbani? Kuna nini?"

"Toka lini nyeupe?"

"Tangu mwaka mpya hivi. Lakini hakuna mawingu, tunatumia karatasi kama kawaida."

Niliondoka nikasimama nyuma ya choo ili mama asisikie. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, kopo, moshi, mlingoti, na yeye hakunikatiza.

"Kwa hiyo unaniambia vyombo vyangu havikuwa safi," akasema.

"Nakuambia sijui."

"Unajua."

Akaniambia tangu mwaka uanze amezalisha wanawake wanne. Watatu walikuja kliniki juzi, wazima na watoto wao. Wa nne ana homa siku ya tatu sasa, tumbo linamuuma, na tangu jana anasubiri gari la kumpeleka hospitali ya Kitale. Ndiyo maana amechelewa kupanda kilima. Aliyasema hayo kwa sauti ya kazi, ile anayoitumia kwa wagonjwa, na nilijua kwamba sauti hiyo ilikuwa ya kunipiga.

"Nitachemsha kwa makaa," akasema. "Mpe mama simu."

Nilimpa mama simu. Waliongea habari za ng'ombe. Mama alicheka mara mbili, na nilimwonea wivu.

Gari lilimleta yule mwanamke mwenye homa Jumatatu. Mdogo wangu alikuja naye, na mama wa usafi akabaki na funguo. Nilitoka shuleni moja kwa moja mpaka hospitalini, nikamkuta mdogo wangu kwenye benchi nje ya wodi, nguo zimejaa vumbi la njia nzima, amelala ameketi. Nilikaa kando yake bila kumwamsha. Alipofungua macho hakunisalimia. Alisema, "Wamempa dawa ya mshipa. Mtoto ni mzima, ananyonya chupa."

Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa hajapewa jina, kwa sababu watu wake walisema watangoja kwanza waone kama mama yake atabaki.

Kila siku nilipeleka uji wa wimbi. Sikuwa na kingine cha kupeleka. Siku ya kwanza yule mwanamke hakuweza kulishika bakuli, nikamnywesha kwa kijiko, na ngozi yake ilikuwa ya moto hata nikauondoa mkono. Alikuwa mdogo, pengine miaka minne tu mbele ya wasichana wangu wa kidato cha nne. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: asante, chai, pole, pesa ngapi. Kila kijiko alisema asante. Niliomba Mungu amwambie anyamaze.

Nilimvizia daktari kwenye korido. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida tu, homa ya namna hii huletwa na nini. Akasema ina milango mingi. Mwanamke huyu alikuwa na uchungu nyumbani siku mbili kabla ya kufika zahanati, chupa ya maji imekwisha kupasuka, huenda alikuja nayo. Huenda ni mikono ya waliomsaidia nyumbani. Huenda ni vyombo. "Hatuwezi kujua sasa," akasema, akaendelea na safari yake. Neno lile lingeweza kunifariji, kwa jinsi lilivyo. Halikunifariji hata kidogo. Afadhali angesema ni wewe.

Siku ya nne homa haikuwa imeshuka. Mdogo wangu na mimi tulitoka nje kwenye ua wa hospitali. Moshi wa mabua ulikuwa bado uko juu. Nikamwambia nyoosha mkono, ziba jua kwa kidole gumba, kisha tazama pembeni mwa kidole. Kama ni buluu mpaka karibu na kidole, hewa ni safi, dishi litafanya kazi. Kama pembeni mwa kidole kuna weupe unaong'aa, ni vumbi au moshi, usiliamini. Akajaribu. Alikaa hivyo, mkono juu, muda mrefu.

"Nyeupe," akasema.

"Ndiyo."

"Hili ulilijua Aprili?"

"Nilijua. Lipo hata kwenye vitabu vya wanafunzi wangu. Sikudhani unalihitaji kwa sababu hakukuwa na mawingu."

Akashusha mkono. "Mimi nilikuwa naliona kila siku," akasema. "Kila asubuhi nilisema leo jua limekuwa kama la ndani ya chandarua. Halafu naangalia mlima, sioni wingu, nasema haya, safi. Ati naangalia mlima! Na kule mlima wa mvua haupo." Alianza kucheka, kisha akalia, na mimi nikalia naye, tumeshikana katikati ya watu waliobeba chupa za chai.

Siku ya sita homa ilishuka. Siku ya saba ilikaa chini. Siku ya nane yule mwanamke alikula ugali, akauliza mtoto yuko wapi, akamnyonyesha mwenyewe. Niliposikia habari hizo darasani niliketi kwenye meza ya mwanafunzi. Nilidhani sasa nitapumua. Badala yake nilianza kuogopa jambo jingine, kwamba ataondoka bila kujua.

Nilimwambia mdogo wangu nitamweleza. Akakataa.

"Utamwambia nini, na wewe mwenyewe hujui?"

"Nitamwambia hivyo. Kwamba sijui, lakini inawezekana."

"Halafu arudi nyumbani na hiyo? Mimba ijayo aogope kuja kwangu, azalie mchangani?"

"Ni haki yake."

"Haki yake au usingizi wako?"

Lakini kichwa changu ni kigumu. Siku ya kuruhusiwa nilikwenda nikiwa nimeyapanga maneno. Yule mwanamke alikuwa ameketi kitandani, shanga zake zimerudi shingoni, mtoto amefunikwa shali. Nilipiga goti mbele yake kwa sababu sikutaka kumsemea kutoka juu. Nikamwomba mdogo wangu atafsiri.

Nilisema yote. Nilisema mimi ni mwalimu, nilikuja kwao Aprili nikapima jua, nikaandika karatasi. Nilisema karatasi ilikuwa na kosa kwa sababu sikuhesabu vumbi. Nilisema vyombo alivyozalishwa navyo huenda havikupata moto wa kutosha, kwamba huenda homa ilitoka hapo na huenda haikutoka hapo, kwamba daktari hajui na mimi sijui. Nilisema naomba anisamehe. Nilisema polepole, kwa vipande, lakini mdogo wangu hakutafsiri vipande. Alingoja mpaka nikaishiwa.

Kisha akasema neno lake, na lilikuwa fupi. Lugha ya kule siijui. Lakini kuna maneno hayana tafsiri, ningeyasikia kama yangetajwa: Aprili, mwalimu, daktari. Sikulisikia hata moja. Nilichosikia ni Kitale, na uji.

Yule mwanamke akatabasamu, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa baridi sasa, mikono ya mtu mwenye afya. Akasema maneno mengi, akiniangalia machoni, na mwishoni akauliza swali.

Mdogo wangu alikuwa ameinama akifunga kamba ya mfuko. "Anauliza jina lako," akasema bila kuinua kichwa.

Nilijua kwa nini anauliza. Kwao ni kama kwetu: ukiumwa mpaka ukakata tamaa, mtu akakulisha mpaka ukainuka, mtoto uliyekuwa naye kipindi hicho humpa jina la mtu huyo. Mtoto alikuwa na siku kumi na nne na alikuwa akiitwa mtoto tu. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kulitaja jina la mama yangu, au la nesi wa zamu. Maneno ya kusema tena, kwa Kiswahili cha sokoni, nilikuwa nayo: karatasi, mbaya, mimi, pole. Yangetosha. Yalinifika mpaka kwenye meno.

Nikamwambia jina langu. Alilirudia mara mbili ili lisimpotee, kisha akafunua shali, akainama, akamwita mtoto kwa jina hilo.